Mkaa wa Heshima

Jina la Mstari alipewa na wateja, na lilimkaa kama shati lililopimwa. Suruali ikitoka mikononi mwake ilikuwa na mstari mbele, umesimama wima hata mwenye suruali akiwa amejilaza. Watu walisema ukitaka kumjua mteja wa Mstari, mtazame anavyoketi: ataketi ukingoni mwa kiti, kwa adabu, asije akauvunja.

Alikuwa dobi. Meza yake ilikaa kwenye baraza ya nyumba ndefu ya wapangaji, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu ya blanketi. Pembeni palikuwa na kopo la maji lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, na katikati, kama bwana harusi, palikaa pasi ya mkaa. Ilikuwa pasi nzito ya chuma, ina jogoo mdogo wa shaba kwenye kifuniko, na kishikio kilichong'aa kwa jasho la miaka.

Pasi ya mkaa ina tabia zake. Ukipiga nguo kwa muda, makaa hujifunika majivu na kulegea kama mtu aliyeshiba. Hapo dobi huinyanyua na kuibembeza hewani, mbele na nyuma, upepo uingie matunduni, mpaka makaa yaamke yakiwa mekundu. Mstari hakuwa akiufikiria mwendo huo. Mkono wenyewe ulijua. Mdomo uliendelea kusimulia, macho yaliendelea kumtazama mpita njia, na mkono ukabembeza pasi kama mama anayebembeleza mtoto huku akipiga soga na jirani.

Mwisho wa baraza ile ile, kwenye kigoda, aliketi muuza mkaa. Mtaa ulimwita Mama Gunia. Mstari alimwita mama, kwa sababu alikuwa mama mkwe wake.

Habari ya ndoa hiyo mtaa mzima ulikuwa nayo. Zamani, Mstari akiwa kijana mgeni mwenye pasi moja na mashati mawili, alianza kununua mkaa kwa Mama Gunia. Binti wa Mama Gunia ndiye aliyepima. Siku ya kwanza Mstari alinunua kopo moja, akashukuru, akaondoka. Kabla ya adhuhuri akarudi kununua jingine. Jioni tena. Haukupita muda kijana alikuwa ananunua mkaa wa kutosha kuchoma matofali. Mama Gunia akamwita kando.

"Wewe kijana, hiyo pasi yako inakula mkaa, au kuna kitu kingine kinachoungua?"

Mstari akatazama chini. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa alikwisha kumwamkia.

"Marahaba. Mlete mjomba wako tuzungumze."

Ndivyo alivyooa. Na tangu siku ile, kila asubuhi, awe na kazi au hana, alikwenda kwenye kigoda cha mama mkwe, akamwamkia, akanunua kopo lake la mkaa. Yalikuwa kama maamkizi mengine, kwamba salamu ikikosa kopo haijakamilika. Heshima si utumwa, na kwa Mstari ilikuwa hata raha.

Basi siku moja likapita gari dogo lenye kipaza sauti. Ndani alikuwemo ofisa wa halmashauri ambaye watu walimwita Bwana Mazingira, mtu mnene mpole mwenye nywele nyingi, na sauti yake ilijaa mtaa mpaka kuku wakakimbia.

"Wananchi! Milima yetu imebaki mifupa! Miti imekwisha kwa mkaa! Mvua ikinyesha, udongo wote unateremka bwawani! Kuanzia mwezi ujao, mkaa wa miti hautaingia mjini bila kibali! Wenye biashara, hamieni umeme! Hamieni gesi!"

Mama Gunia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Ana sauti nzuri."

Wiki haikupita, likapita gari jingine, la shirika la umeme. Hilo lilikuwa na mwanamke mwenye sauti ya kuomba radhi. Bwawa limeingiwa na tope, maji yamepungua, mitambo haizunguki sawasawa. Kutakuwa na mgao: mtaa huu utapata umeme leo, kesho ukae, keshokutwa upate.

Kinyozi, ambaye chumba chake kilipakana na meza ya Mstari na mdomo wake haukupakana na kitu, alitoka nje na mashine mkononi.

"Sasa mmesikia wenyewe," akasema. "Tuliukata mti tupate mkaa, udongo ukaenda bwawani, bwawa likaua umeme. Tunaambiwa tuache mkaa tushike umeme, na umeme nao unatuacha. Mimi nimeoa huyu, nimeachwa na yule, na mahari nalipa kote!"

"Wewe nyoa," Mstari akamwambia. "Mteja anakungoja na nusu ya ndevu."

"Nusu ya ndevu ndiyo maendeleo, bwana. Nusu leo, nusu siku ya mgao."

Watu wakacheka. Mstari naye alicheka, lakini jicho likamwenda chini ya meza. Hapo palikuwa na kapu la magauni meupe ya wauguzi wa zahanati, na lile kapu ndilo lililolisha nyumba yake. Suruali za mtaani zilikuwa chumvi. Magauni ya wauguzi ndiyo yaliyokuwa chakula.

Matroni wa zahanati alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka na nguo chafu. Alikuja mwenyewe, akiwa ameshika gauni moja kwa vidole viwili. Kwenye kola palikuwa na doa dogo la jivu, kama kope ya paka.

"Dobi, hili ni nini?"

"Jivu, mama matroni. Upepo wa jana."

"Nakuheshimu, kazi yako naipenda. Lakini nasi tumeagizwa kuachana na mkaa, kuanzia jikoni mpaka nguo. Mwezi ujao ukianza, nataka magauni yangu yapigwe kwa umeme. Ukishindwa niambie mapema nitafute mwingine. Sitakasirika."

Hilo la kutokasirika ndilo lililomtisha Mstari. Mtu anayekasirika unaweza kumbembeleza.

Kesho yake alikwenda mjini akarudi na kifurushi, akakifungua kitandani mbele ya mkewe. Ilikuwa pasi ya umeme, rangi ya samawati, nyepesi kama ahadi.

Mkewe aliipima mkononi, akacheka. "Hii ndiyo itanyoosha? Inaonekana kama toi la mtoto."

"Itanyoosha."

"Haya. Na mama umemwambia?"

Mstari akaanza kuikunja karatasi ya kifurushi, pembe kwa pembe, kwa ustadi mkubwa kuliko ulivyostahili karatasi.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Si nimesema nitamwambia?"

Na kweli alikusudia. Asubuhi alikwenda kwenye kigoda, maneno ameyapanga mdomoni kama nguo kabatini. Akamkuta Mama Gunia akizungumza na mama mmoja aliyekuja kumuaga, maana amenunua jiko la gesi na mkaa hataki tena. Alikuwa mteja wa miaka mingi. Mama Gunia alimpa mkono, akamtakia heri. Mteja alipoondoka, akamgeukia Mstari, akamtazama kwa macho makavu yenye vumbi jeusi kwenye kope.

"Wanahama mmoja mmoja," akasema. "Haidhuru. Mimi nina mkwe. Dunia nzima ihame, mkwe wangu hahami."

Maneno yote ya Mstari yakaanguka kutoka kabatini.

"Shikamoo, mama," akasema. "Naomba kopo."

"Marahaba, baba. Leo chukua mawili, nimekujazia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa ndani yake ina kona nyingi. Mstari aligawa kazi yake mara mbili. Barazani aliiwasha pasi ya mkaa kama kawaida, akapiga nayo shati moja la maonyesho, lile lile kila siku, shati lake mwenyewe la kijivu, ambalo kwa kupigwa sana lilianza kung'aa kama karatasi. Kisha alijifanya kuingia ndani kunywa maji, akafunga mlango wa chumba chake, na kwenye meza ndogo kando ya kitanda akapiga magauni ya wauguzi kwa pasi ya samawati, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe.

Chumba kilikuwa maficho mazuri. Mama Gunia, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kukanyaga chumba anacholala mkwewe. Alikuwa akisimama mlangoni, akiita, akingoja. Hata wajukuu walipozaliwa aliwangoja barazani.

Na mkaa? Mkaa aliununua vilevile kila asubuhi. Kwa kuwa hakuwa na pa kuuchoma wote, aliumimina kwenye magunia, na magunia akayasukuma chini ya kitanda.

"Kitanda kinapanda," mkewe alimwambia. "Zamani nilikuwa nakaa nikakanyaga chini. Sasa naning'inia."

"Vumilia kidogo."

"Mimi navumilia. Wewe ndiye unayekonda. Mwanamume mzima unamwogopa mama yangu kuliko halmashauri!"

"Halmashauri haikunipa mke," akasema Mstari.

Mkewe akainama kurekebisha foronya iliyokuwa imenyooka tayari. Alikuwa anatabasamu, lakini hakutaka aonekane.

Jambo moja likaanza kuleta maneno pale nyumbani. Wapangaji walichangia mita moja, na yuniti za umeme walizolipia zilianza kuyeyuka. Kinyozi alisimamisha kikao uani.

"Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako! Kuna mtu humu anakula umeme kama mchwa. Mimi mashine yangu mnaijua, inanguruma tu, haina njaa."

Wengine wakamtazama yeye. Mstari, ambaye kikulacho kilikuwa nguoni kweli, alitazama mawingu. Tangu siku hiyo akawa anaongeza yuniti kimyakimya, na wenzake walipoona zinadumu wakadhani shirika la umeme limeona haya. Kinyozi alilisifu barazani asubuhi nzima.

Ikaja siku ambayo mtaa ulikuwa na zamu ya umeme, na kila mtu alitaka kufanya kila kitu. Mashine za kushona zililia, redio zilipishana, maji yakapandishwa matangini. Chumbani kwa kinyozi aliketi Bwana Mazingira mwenyewe, shuka la kinyozi shingoni. Alikuwa na mkutano mchana na wageni wa kutazama bwawa, akaona nywele zake zipunguzwe zifanane na cheo.

Mstari alikuwa chumbani na magauni. Mambo yalikwenda vizuri. Kola zilinyooka, mikono ilinyooka, na alikuwa amezama kazini mpaka akaanza kuimba kwa pua. Kisha taa nyekundu ya pasi ikazimika. Pasi zote za umeme hufanya hivyo zikishiba moto. Hungoja kidogo, kisha taa huwaka tena. Lakini mkono wa Mstari haukuwa umesoma mambo hayo. Mkono uliona wekundu umepotea, ukajua kitu kimoja tu: makaa yamelegea.

Ukainyanyua pasi, ukaibembeza hewani, mbele na nyuma, kwa nguvu ya miaka.

Waya ulinyooka kama kamba ya mbuzi aliyeona majani. Soketi ikang'oka ukutani na kipande cha plasta, cheche ikaruka, pakasikika mlio kama kofi, na nyumba nzima ikanyamaza. Redio zikakata wimbo katikati. Mashine za kushona zikasimama. Mstari mwenyewe aliruka nyuma, akaangusha meza ndogo, akapiga ukelele ambao baadaye aliukana.

Mama Gunia aliusikia. Kwa miaka yote alisimama mlangoni, lakini siku hiyo hakusimama. Alisukuma mlango kwa bega kama anavyosukuma gunia, akaingia mpaka katikati ya chumba.

"Mwanangu! Umekufa?"

"Sijafa, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Alitazama ukuta wenye tundu. Alitazama magauni meupe yaliyopangwa kitandani, na pasi ya samawati mkononi mwa mkwewe, waya ukining'inia na soketi yake kama samaki kwenye ndoano. Kisha macho yakashuka chini ya kitanda. Mdomo wa gunia moja ulikuwa umefunguka, na mkaa ulitoka nje kidogo, kama mtu anayechungulia.

Kabla hajasema kitu, mlango ukajaa. Bwana Mazingira aliingia na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa uking'aa, upande mwingine nywele zimesimama. Nyuma yake kinyozi, mashine iliyokufa mkononi.

"Nani amezima umeme?" Bwana Mazingira akauliza kwa ile sauti yake ya kipaza. "Nina mkutano mimi! Nitakwendaje hivi?"

"Usijali, mheshimiwa," kinyozi akasema. "Kichwa chako kinatosha kuwa hotuba. Waonyeshe tu: huku bado msitu, huku wamekwisha kata."

Mke wa Mstari, aliyekuja mbio kutoka uani, akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Lakini Bwana Mazingira hakucheka. Alikuwa ameona magunia.

"Huo mkaa wote ni wa nini? Unaficha kabla ya katazo? Unataka kuuza kwa magendo?"

Mstari akafungua mdomo. Hapakuwa na kona nyingine ya kukata.

"Si wa kuuza," akasema. "Na si wa kuchoma. Nimeununua kwa mama yangu huyu, kila siku, tangu nianze kutumia umeme. Nilishindwa kumwambia. Aliniambia dunia nzima ihame lakini mkwewe hahami. Sasa mimi ningemwambiaje?" Akamgeukia Mama Gunia, pasi bado mkononi. "Nisamehe, mama. Wauguzi wakiniacha, mwanao na wajukuu zako hawatakula. Na nikikuacha wewe... basi, nikaona ninunue tu."

Hata kinyozi alinyamaza, jambo ambalo lilihitaji kukatika umeme.

Mama Gunia aliinama polepole, akaokota kipande cha mkaa, akakipima kiganjani.

"Huu ni wa juma lililopita," akasema. "Nakumbuka gunia lake." Akamtazama ofisa. "Mheshimiwa, mkaa huu hauna kesi. Ni mkaa wa heshima."

Kisha akamshika Mstari mkono wa shati, akamvuta. "Njoo. Nyote njooni, mficha uchi hazai."

Msafara ukatoka: mama mkwe mbele, mkwe na pasi yake, mke, ofisa mwenye kichwa nusu na shuka linaloburura nywele, kinyozi mwisho. Wakavuka ua, wakapita nyuma ya matangi ya maji ambako mtu hapendi kwenda kwa sababu ya tope. Palikuwa na magunia yametandazwa juu ya fito. Mama Gunia akayanyanyua.

Chini yake kulikuwa na miche. Ilijipanga ndani ya makopo, yale yale makopo ya kupimia mkaa, matako yametobolewa, udongo wake mweusi kwa vumbi la chenga za mkaa. Kila kopo lilikuwa na majani mawili matatu, mabichi, yakitikisika kidogo kama watoto walioamshwa ghafla.

"Nilitaka kufunga biashara tangu mvua zilizopita," Mama Gunia akasema, bila kumtazama mtu. "Kifua kimechoka na vumbi. Milima naiona na mimi. Nilikozaliwa kulikuwa na kivuli mpaka njiani, sasa ukipita unaungua. Nikaanza na mbegu kidogo. Nimeuza miti iliyokufa maisha yangu yote, nikaona nijaribu iliyo hai." Akang'oa gugu kwenye kopo moja. "Lakini kila nikitaka kufunga, asubuhi huyu hapa: shikamoo mama, naomba kopo. Nikasema, nikifunga, mkwe wangu atanyoosha nini? Ile pasi yake itapata wapi chakula? Basi nikawa nakaa. Juzi pale kigodani nilikuwa na mteja mmoja tu, baba. Wewe."

Macho yalimwasha Mstari, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.

"Kwa hiyo," mkewe akasema, akihesabu kwa vidole huku akicheka, "yeye alikuwa ananunua ili usiumie, na wewe ulikuwa unauza ili asiumie. Na mimi ndiye niliyelala juu ya gunia!"

Hapo Mama Gunia akacheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi na kikakataa kwisha. Akamshika Mstari bega ili asianguke. Katika miaka yote hakuwahi kumshika bega.

Bwana Mazingira alikuwa amechuchumaa kwenye tope, shuka na yote, akigusa majani.

"Mama, hii miche ni mizuri. Tunatafuta ya kupanda kule juu ya bwawa. Siahidi, ofisi ni ofisi, lakini nitawaleta wenzangu waione."

"Mheshimiwa," kinyozi akasema kwa upole, "kwanza kichwa."

Alimalizia kwa wembe, barazani, kwenye mwanga wa jua. Bwana Mazingira alikwenda mkutanoni na kichwa kama yai, na inasemekana hotuba yake ilikuwa fupi, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Fundi umeme alikuja jioni, akarudisha soketi, akagomba kama wagombavyo mafundi. Mke wa Mstari alichukua waya wa pasi, akaufunga kwenye nondo ya dirisha, mfupi, ili pasi isiweze kubembezwa hata mkono ukisahau. Na mkono ulisahau mara nyingi. Pasi ya samawati ilifika nusu ya hewa, ikavutwa na dirisha, ikarudi kwenye kola kwa aibu. Matroni aliikagua kola hiyo kwa vidole viwili, akaigeuza ndani nje, akasema, "Sawa," na kwa matroni hilo lilikuwa shairi. Siku za mgao magauni yalingoja umeme, na nguo za mtaani zilipigwa kwa mkaa wa chini ya kitanda, mpaka kitanda kikashuka na miguu ya mke wa Mstari ikagusa sakafu tena.

Ofisi ilikuja, baada ya kuchelewa kama zijavyo ofisi, ikachukua baadhi ya miche. Iliyobaki Mama Gunia aliipanga barazani kuzunguka kigoda chake, akaiuzia wapita njia. Mtaa bado ulimwita Mama Gunia. Kucha zake ndizo zilizobadilika: zamani zilikuwa na weusi wa mkaa, sasa zina weusi wa udongo, na aliutofautisha kwa fahari.

Asubuhi moja mke wa Mstari alitoka uani kumwaga maji, akasimama. Chini ya dirisha lao, kando ya mlango, hadi kwenye ngazi, kulikuwa na makopo ya miche yamejipanga, hakuna pa kukanyaga. Akamkuta mumewe anarudi kutoka kwenye kigoda, amebeba jingine kwa mikono miwili, akitembea nalo taratibu lisimwagike.

"Hili nalo?"

"Nilikwenda kumwamkia mama," Mstari akasema. "Sasa ningerudi mikono mitupu?"

Mkewe akaweka ndoo chini, akashika kiuno.

"Wewe mwanamume! Ulinunua mkaa mpaka ukanioa mimi. Na miti yote hii, unataka kumwoa nani?"

Kule kwenye kigoda, nyuma ya majani, Mama Gunia alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.